Jibu: Kubadilisha majedwali ya Postfix bila kuzima seva

Mkuu, umeuliza kama inabidi uzime Postfix (programu ya seva inayopokea na kutuma barua pepe) kila unapoongeza anwani za wafanyakazi wapya. Usizime. Nahudumia seva ya barua pepe ya kampuni ya utalii hapa Arusha. Msimu wa Julai na Agosti anwani hubadilika kila mara, na barua za wageni wa Ulaya na Marekani huingia usiku kucha. Hakuna haja ya kuzima chochote.

Cha kuogopa ni postmap, amri inayogeuza faili la maandishi kuwa jedwali. Faili la virtual ndilo linaloonyesha barua ya kila anwani iende wapi. Ukiandika `postmap virtual`, inaandika juu ya virtual.db ileile ambayo Postfix inaisoma. Diski ikijaa katikati ya kazi, au umeme ukakatika, jedwali la zamani limeshafutika na jipya halijakamilika. Nimeikuta hali hiyo kwenye ofisi moja: kumbukumbu za seva (logs) zilijaza diski, na barua zote zikasimama.

Mimi nahariri faili lenye jina tofauti, virtual.in, halafu:

`postmap virtual.in && mv virtual.in.db virtual.db`

Zile && ndizo kinga yako: postmap ikishindwa, mv (amri ya kuhamisha faili au kulibadilisha jina) haifanyiki. Na mv ndani ya folda ileile inabadilisha jina tu, kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo Postfix itakuta jedwali zima la zamani au zima jipya. Usilitengenezee /tmp. Kama hiyo ni diski nyingine, mv inageuka kunakili, na hatari inarudi palepale. Postfix hugundua yenyewe kwamba faili limebadilika, huhitaji `postfix reload` (amri ya kuisomesha mipangilio upya).

Anayetumia cdb (aina nyingine ya jedwali, badala ya hash) amepona, maana yenyewe hutengeneza faili jipya kwanza. Ipo tangu Postfix 2.2.

Ila hakuna mv itakayokuokoa ukisahau mstari. Anwani isipokuwepo, seva inajibu 550, yaani kukataa moja kwa moja, na barua ya mteja inarudishwa palepale bila kujaribiwa tena. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mgeni aliyeulizia safari ya Kilimanjaro haandiki mara mbili. Kwa hiyo tenganisha zile amri mbili, na kabla ya mv uliza jedwali jipya: `postmap -q anwani hash:virtual.in`. Ukibadilisha anwani nyingi kwa pamoja, weka `soft_bounce = yes` kwenye main.cf, faili kuu la mipangilio ya Postfix (hapa reload inahitajika). Majibu yote ya kukataa barua yanakuwa ya muda na seva inayotuma itajaribu tena baadaye. Ukisharidhika na kumbukumbu, iondoe siku hiyohiyo.