Shimo la mdako bado lipo Makunduchi

Swali la wiki liliuliza: "Ni sehemu gani isiyo na kiingilio uliyowapeleka watoto likizo hii, wakagoma kurudi?" Jibu langu ni uwanja wa skuli ya kijijini kwa mama yangu, Makunduchi, kusini mwa Unguja.

Sisi tunakaa Michenzani, mjini Zanzibar, kwenye majumba ya ghorofa. Wanangu wawili, mmoja miaka tisa na mwengine saba, wanazijua pembea za mjini zote. Jumamosi moja tukapanda daladala ya 310, ya Makunduchi. Kwenye matuta ya Jozani dereva alipopunguza mwendo waliwaona kima punju wanne juu ya mti, kelele zikajaa gari zima. Mbele ya hapo miti mikubwa ikaisha, tukaingia nchi ya maweni. Huko jiwe la matumbawe limetokeza kila mahali, udongo ni kiganja tu ndani ya mianya, na humo humo watu hupanda kunde wakavuna.

Uwanja wa skuli nao ni hivyo hivyo: hauna nyasi wala pembea, una magoli mawili ya miti na mkwaju mmoja pembeni. Kaskazi lilikuwa linavuma na jua kali, kwa hiyo tulisubiri sala ya alasiri ipite. Mama alitangulia kumuomba ruhusa mlinzi, ambaye ni mtoto wa shoga yake.

Watoto wa kijiji walikuwa wanacheza nage, mchezo wa kulengana na kukwepa, kwa mpira wa soksi. Wangu walisimama pembeni kama wageni wa harusi, mpaka wakaitwa. Mkubwa hakumaliza hata raundi moja, akajikwaa, goti likachubuka. Msichana mdogo, pekupeku, akamwinua na kumwambia: "Huku jiwe halikupishi. Lipishe wewe." Akampangusa vumbi, mchezo ukaendelea. Kufika raundi ya tatu wote wawili wanaitwa kwa majina yao. Kwenye pembea za tiketi kila mtoto hungoja zamu yake na mzazi wake, na jina la mwenzake halijui.

Lakini kilichotuweka mpaka karibu na magharibi ni kitu kidogo chini ya mkwaju. Kuna shimo kwenye jiwe, upana wake kama kikombe cha chai, kingo zake zimelainika kama zimepakwa mafuta. Mama aliinama akalipapasa kwa kidole. Alisoma skuli hii baada ya elimu kutangazwa bila malipo Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964. Katika ukoo wetu yeye ndiye mtoto wa kike wa kwanza kukaa darasani. Saa za mapumziko alicheza mdako, mchezo wa kurusha na kuchota kokoto, kwenye shimo hili hili.

Akaketi chini, akajaza kokoto. Akarusha moja juu, na kabla haijarudi mkononi akawa amezichota nyengine zote nje. Akarusha tena, akazirudisha zote ila moja. Mkono wake una baridi yabisi, lakini hakukosa hata mara moja. Binti yangu alikaa mbele yake bila kusema neno, kisha akanyoosha kiganja: "Bibi, nipe mimi."

Wazazi wa mjini mtakaokwenda, nakuombeni msichukue pipi za kugawa. Watoto wale hawakukaa hapo kusubiri wageni, wana mchezo wao. Chukueni maji ya kunywa, maana visima vya karibu na pwani vina munyu, na watoto wenu wavae viatu vya kufunga. Ombeni ruhusa, kaeni kivulini, na waacheni waitwe wenyewe.

Kurudi, binti yangu alifunga kokoto kumi na mbili kwenye pindo la mtandio wake. Nyumbani sakafu ni saruji, shimo hakuna. Juzi nimemkuta jikoni amekitegemeza kifuu cha nazi kwa kitambaa kisiyumbe, anarusha, anachota, anakosa, anarusha tena.