Laini ni ya megabiti 500, mbona faili linatambaa?

SWALI: Mhandisi, salaam. Tuko Westlands, tunahariri video, na kila jioni tunatuma mafaili kwa seva ya mteja iliyoko London kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) juu ya SSH (njia iliyofichwa kwa usimbaji). Faiba yetu ni ya megabiti 500 kwa sekunde. Tukipima spidi tunapata 480. Lakini faili la gigabaiti 40 linakwenda kwa megabiti 3.4 tu, linakesha na kushinda. Ping ya London, yaani muda wa kwenda na kurudi, ni milisekunde 152. Kampuni ya mtandao inatushauri tupande hadi gigabiti 1. Tulipe? Ama tuhamie itifaki (kanuni za kusafirisha data) mpya kama QUIC?

JIBU: Msilipe. Namba mbili ulizonipa, 3.4 na 152, zinatosha kumkamata mwizi.

Faili lako linabebwa na TCP. Itifaki hii hutuma kiasi fulani cha data, kinachoitwa dirisha, kisha haiendelei mpaka upande wa pili uthibitishe kwamba umepokea. Katika muundo wake wa awali, nafasi ya kuandikia ukubwa wa dirisha ni biti 16, kwa hiyo halizidi baiti 65,535. Zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde 0.152: unapata megabiti 3.45. Ndiyo spidi yako hiyo. Mwenye mkokoteni mmoja pale Marikiti hafikishi magunia zaidi kwa sababu barabara imepanuliwa. Lazima mkokoteni urudi ndipo upakiwe tena.

Kipimo cha spidi nacho hakikudanganya. Kwa kawaida huchagua seva ya karibu, pengine hapa hapa Nairobi, ambako mitandao yetu hubadilishana data kwenye kituo cha KIXP, na kwenda na kurudi huchukua milisekunde chache. Tena hufungua miunganisho kadhaa kwa mpigo. Kilipima safari nyingine kabisa.

Wabunifu wa TCP hawakuwa wazembe. ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ilipohamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, laini zake nyingi zilikuwa za kilobiti 56, na baiti 65,535 zilikuwa bahari. Hofu ya wakati ule ilikuwa msongamano. Oktoba 1986, spidi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, majirani wa mita 400 hivi, ilianguka kutoka kilobiti 32 hadi biti 40 kwa sekunde. Van Jacobson alichapisha tiba yake mwaka 1988: mtumaji aanze polepole, na pakiti (vifurushi vya data) zikipotea apunguze kasi. Mwaka 1992 Jacobson huyo huyo na wenzake wakaongeza kizidishi cha dirisha, kinachoweza kulifikisha gigabaiti 1. Kwa hiyo dawa yako ina zaidi ya miaka 30.

Hapa Kenya tatizo hili lilijificha muda mrefu. Kabla ya kebo za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, ambako kwenda na kurudi kulizidi milisekunde 500. Dirisha dogo lilituzuia kwenye megabiti 1 hivi, lakini ni ofisi gani ilikuwa na laini pana kuliko hiyo?

Sasa kazi. Kizidishi hutajwa kwenye pakiti za kwanza tu za kufungua muunganisho, na lazima pande zote mbili zikitaje. Kwenye Linux, hakikisha net.ipv4.tcp_window_scaling ni 1, hapa na London. Kisha nasa pakiti hizo kwa programu ya tcpdump pande zote mbili. Ukiona wscale (ndicho kizidishi chenyewe) inatoka Westlands lakini haifiki London, kuna faiawoli (kichujio cha usalama) njiani inayoifuta, na mimi ningeanza kuishuku ile ya kwenu kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Halafu ongeza kumbukumbu ya kushikilia data ambayo haijathibitishwa: megabiti 500 kwa sekunde 0.152 ni takriban megabaiti 9.5 zikiwa njiani kwa wakati mmoja. Namba ya tatu, yaani kikomo, ya tcp_wmem (ya kutuma) kwenu, na ya tcp_rmem (ya kupokea) kwa mteja, iwe baiti milioni 32.

QUIC, iliyopata kiwango rasmi mwaka 2021, ni kazi nzuri: inafungua muunganisho haraka, na pakiti ya mkondo mmoja ikipotea mingine haisimami. Inafaa sana kurasa za wavuti na simu zinazohamahama kati ya mitandao. Kwa faili moja kubwa, bado ina dirisha lake na bado inasubiri uthibitisho kutoka London. Umbali haununuliki: mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na hata kebo ingenyooka moja kwa moja hadi London, karibu kilomita 6,800, ping isingeshuka chini ya milisekunde 68.

Ukimaliza hayo, usishangae spidi ikigota kwenye megabiti 110 hivi. OpenSSH, programu ya SSH iliyo kwenye Linux, ina dirisha lake yenyewe, la megabaiti 2, juu ya lile la TCP. Gawanya mafaili ya jioni katika mafungu manne, uendeshe rsync nne kwa pamoja, kila moja na dirisha lake.