Kabati la vitabu la marehemu baba

SWALI: Marehemu baba yetu ametuachia kabati lenye vitabu kama 60. Hakuwa mtu wa maneno mengi, nasi watoto tunatamani kujua alisoma nini hasa na alijali nini. Ndugu zangu wanataka tuvigawane wiki hii. Tuanzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Mgawo usubiri. Kabla hamjagusa kitu, pigeni picha kila rafu, maana mpangilio wenyewe una habari: vilivyokaa usawa wa mkono, karibu na kiti chake, huenda ndivyo alivyovirudia. Mkishavichanganya, habari hiyo haipatikani tena.

Mnapotoa kitabu, sukumeni ndani kidogo vya pembeni, mkishike katikati ya mgongo. Ukikivuta kwa ncha ya juu, jalada huchanika. Majina ya vitabu yasiwashughulishe kwanza. Tazameni ukingo wa kurasa kitabu kikiwa kimefungwa: vidole huacha weusi, na palipokolea ndipo palipofunguliwa mara nyingi. Kwenye kamusi na vitabu vya dini alama hii huonekana wazi kabisa. Mgongo uliopauka msiuhesabu, hiyo ni kazi ya jua la dirishani.

Kisha kurasa za mwanzo: nakilini jina, tarehe, mji na muhuri. Mchapishaji naye husaidia. Kitabu chenye jina la East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1940, hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Lakini mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa kununuliwa, na vitabu hupita mikono mingi. Kwa hiyo kabla ya kusema "baba alipigia mstari hapa", linganisheni mwandiko na barua au daftari lake. Hapa ndipo ni rahisi mno kumsingizia marehemu mawazo ya mtu mwingine.

Tiketi, risiti na barua zilizomo ndani msizikung'ute. Andikeni kwenye bahasha jina la kitabu na namba ya ukurasa, ndipo mzitie humo. Pini za chuma ziondoeni. Kwa unyevu wa pwani hushika kutu na kula karatasi.

Kitabu kisafi msiseme hakikusomwa: pengine alikivika gazeti. Chenye muhuri wa maktaba, kirudisheni.

Hapo gawaneni, ila kila mtoto abaki na nakala ya picha za rafu na orodha nzima.