Kidonge cha kukojosha na moyo wa mama

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 63, mbangua korosho hapa Mikindani, amepewa haidroklorothiazaidi ya presha. Anakojoa mno, anahofu moyo utachoka. Aache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asiache! Presha ndiyo inayouchosha moyo: unasukuma kwa nguvu hadi misuli yake inanenepa. Kidonge hutoa chumvi na maji, mzigo unapungua, na baada ya miezi unene huo nao hupungua. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 ulionyesha klothalidoni, ndugu ya dawa hiyo, inazuia moyo kushindwa kazi vizuri zaidi kuliko amlodipini, dawa nyingine ya presha.

Ninachohofia mimi ni kidonge kushusha potasiamu, madini ya damuni yanayohitajiwa na misuli na moyo. Misuli ikikakamaa au moyo ukirukaruka, mpeleke hospitali upesi akapimwe damu. Na ng'onda, kwa chumvi yake, tafadhali, apunguze. Kidonge akimeze asubuhi, alale usiku.