Punda wa maji amekakamaa mgongo: usimpeleke kwa mnyoosha mifupa

Ndugu yangu wa Chamwino, umeuliza kama umpeleke punda wako kwa yule jamaa anayenyoosha watu mifupa, maana mgongo umekakamaa na umeona video ya farasi akibonyezwa pingili hadi zikalia. Kwa sasa, hapana.

Huko kubonyeza pingili za mgongo, yaani kairopraktiki, kulianzia kwa binadamu, Marekani, mwaka 1895. Kwa mnyama, daktari wa mifugo humkagua kwanza, na ushahidi kwamba inasaidia bado ni mchache. Pingili ikiwa na ufa, kuibonyeza ni kummaliza.

Anza na mkokoteni. Madumu 12 ya lita 20 ni kilo 240 za maji peke yake, chuma na matairi hujahesabu. Ukiyarundika mbele, miti ya mkokoteni inamkalia mgongoni. Yapange juu ya ekseli. Inyanyue miti kwa mkono ukiwa umeshapakia: ikikutoa jasho wewe, yeye je, anayetoka nayo kisimani kila siku?

Kisha pitisha kiganja polepole toka mabegani hadi kiunoni. Akishtuka au kubonyea sehemu moja, hapo ndipo panapouma. Mimi wangu nilikuta gunia la tandiko limejikunja, kidonda kimejificha chini ya manyoya. Kwato pia ziangalie, zikirefuka mwendo unaharibika.

Mpumzishe, mwite afisa mifugo wa kata. Akiburuta miguu ya nyuma, usisubiri kesho. Na ile diklofenaki ya babu, dawa ya maumivu ya binadamu, usimpe!