Kombe anywe, na dozi anywe

Shangazi, mume wangu alikuwa anavuta unga. Sasa ni mwezi wa tano anakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, na majirani wanamwona kwenye foleni. Nimepata shehe wa kumsomea siku 40, kwa sharti aache hiyo dawa. Mama mkwe hataki, kila asubuhi anampeleka kliniki mwenyewe. Hana imani kabisa. Nifanyeje?
Mke mwenye dua, Temeke

Pole mwanangu, kuishi na teja si mchezo. Ila kilichokuuma ni macho ya majirani. Hiyo ni aibu, usiivishe kanzu ya dini halafu ukamsingizia mama wa watu.

Tena anajua usilolijua. Methadoni hunywewa kila siku kwa sababu nguvu yake ni ya siku moja hivi. Mtu huanza na kidogo, miligramu 20 au 30, akapandishwa taratibu mpaka arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ikome. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Ukimkatisha ghafla, siku ya pili au ya tatu arosto hiyo: kamasi, kuharisha, mifupa inauma, usingizi hakuna, na inaweza kwenda wiki kadhaa. Shehe atafika yasini ya tatu mgonjwa yuko maskani anatafuta kete. Na mwili uliokatishwa methadoni haukawii kupoteza mazoea, haubebi tena kipimo cha zamani cha unga. Akikirudia, pumzi inakata. Ndivyo wanavyokufa.

Kisomo sikikatai. Nyumba za kupata nafuu kule Zanzibar zinafuata Hatua 12 za kuacha ulevi, na ya pili ni kuamini nguvu iliyo kubwa kuliko wewe. Dini inampa teja kitu ambacho dozi haina: pa kwenda jioni, na watu wa kwenda nao. Basi asubuhi kliniki, magharibi msikitini, akae darasani mpaka isha. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani na marashi, anywe, haligombani na dawa. Vinavyogombana nayo ni pombe na valiamu. Hivyo humsimamisha mtu kupumua usingizini. Ramadhani ikikaribia, aulize kliniki mapema kuhusu saa ya kunywa. Mgonjwa ana ruhusa yake, Al-Baqara aya ya 184. Shehe akishikilia lazima achague, tafuta shehe mwingine.

Wake wa siku hizi mnataka mume apone kabla ya Idi! Dozi hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo, kwa miezi. Akikosa siku tatu mfululizo asinywe kipimo kile kile alichokuwa anakunywa, aangaliwe upya. Kesho mwambie mama mkwe apumzike, umpeleke wewe.