Kandambili za Bluu

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Huku Amu, kisiwani Lamu, hatujambo, ila babako na kikohozi chake, na punda wa jirani ambaye bado anatuamsha kabla ya adhana.

Ile sauti uliyonitumia Ijumaa usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa barazani na kofia mapajani, nikajidunga kidole. Dakika 11 umezungumza, na swali ni moja: uache kazi ya hesabu hapo Mombasa uishi kwa kutengeneza mavazi ya wale mashujaa wa katuni za Kijapani, au huo ni utoto ambao mtu wa umri wako alipaswa kuwa ameshauacha? Babako alitaka nikupigie simu. Nimekataa, maana kwa simu utanikatiza.

Si utoto. Nalianza hilo upate kulala. Na kazi usiiache, angalau sasa. Najua ulitaka jibu moja, lakini ninayo haya mawili.

Unaikumbuka Idd ulipojifungia jikoni? Ulikuwa umeokota kandambili zilizotupwa na bahari kule Shela, ukazikata nyayo, ukawasha ile pasi ya makaa ya bibi yako. Nyumba ilinuka gundi hadi darini. Babako akasema tunaungua. Niliingia nikukemee, nikakukuta umepiga magoti, umekipasha moto kipande cha mpira mpaka kikalegea, umekilaza juu ya bega lako mwenyewe kikapoa na kushika umbo la bega. Mimi niliona kimekaa sawasawa. Wewe ukapitisha kidole ukingoni, ukasonya, ukakitupa, ukaanza kingine. Mara tatu. Hakuna mteja aliyekuwa akikungojea. Nilirudi nje sikusema kitu, lakini tangu siku hiyo sijaiita tena michezo.

Na mtu wa Amu asikucheke kwa ajili ya kandambili. Hapa hapa kisiwani, mwaka 2018, liliingizwa majini lile jahazi la Flipflopi: mita 9, kiasi cha tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavuni likavishwa kandambili zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata likatweka tanga mpaka Unguja. Fundi aliyeliongoza, Ali Skanda, hakujifunza ufundi kwenye plastiki. Mkono wake ulizoea mbao, mataruma na mkuku, na plastiki ikaja ikaukuta mkono upo tayari. Ndiyo maana sikuulizi unapenda katuni gani. Nauliza mkono wako umezoea nini.

Sasa nikwambie lililonikaa moyoni, kwa kuwa kwenye sauti yako umelipita mbio. Ulisema kwenye yale maonyesho ya Nairobi wenzako walikuzunguka, walikupiga picha, ukawa huna hata pumzi. Kisha, kwa sauti ya chini, ukasema hakuna aliyenunua. Mwanangu, wangenunuaje? Wale ni mafundi wenzako. Kila mmoja ana gundi yake nyumbani na nauli yake imekwisha. Mimi kofia zangu sijawahi kumuuzia mwanamke anayejua kushona kofia. Akija barazani ataigeuza ndani nje, atazisifu tundu, ataniomba uzi, ataondoka. Anayelipa ni bwana harusi asiyejua sindano hushikwa upande gani.

Mtazame mzee Muhammad Kijuma, aliyefariki hapa mwaka 1945. Kama palikuwa na mtu wa Amu aliyezama katika apendayo, ni huyo. Alichonga milango na masanduku, aliandika khati, alipiga kibangala, alitunga, alikusanya tendi za kale kama nyinyi mnavyokusanya vitabu vya picha. Watu wa mji walizijua tendi hizo tangu wadogo. Nani angetoa fedha anakiliwe kitu anachokisikia bure kila harusi? Waliomlipa anakili ni wageni, wataalamu wa lugha akina Hichens na Dammann, waliokuwa wakiililia kila karatasi yenye mwandiko wake. Hati zake nyingine ziko mpaka leo Chuo Kikuu cha London. Hakuyaacha mapenzi yake ili apate riziki, ila mlipaji alitoka nje ya baraza.

Wa kwako nao wako nje. Ulitaja mwenyewe, ukicheka, kwamba kikundi cha maigizo cha chuo kilikuomba mataji mawili, na kwamba wapiga picha za matangazo waliuliza kama unaweza kutengeneza ngao isiyo nzito. Ukacheka kwa nini? Hao hawajui hata jina la shujaa wako. Wanajua tu kwamba wanahitaji kitu kinachoonekana chuma lakini mtoto anaweza kukibeba.

Ulinitolea mfano wa yule Mmarekani, Eric Barone, aliyetengeneza peke yake mchezo wa kompyuta wa shamba, Stardew Valley, kwa sababu alipenda michezo ya namna hiyo tangu utotoni, nao ukatoka mwaka 2016 ukamtajirisha. Nikamwomba binamu yako anisomee habari zake kwenye simu, nikawa na swali moja tu: alikula nini? Kwani alikaa miaka zaidi ya minne akiutengeneza. Basi kumbe alikuwa akifanya kazi saa chache za kuwaonyesha watu viti katika ukumbi wa maonyesho huko Seattle, na mchumba wake akibeba sehemu ya gharama za nyumba. Hilo hukuniambia. Na yule binti wetu wa Kenya anayecheza Tekken, ule mchezo wa kompyuta wa kupigana, Sylvia Gathoni, timu ya nje ilipomsajili mwaka 2018 alikuwa bado anasoma sheria. Yaani hawa wote walikuwa na mguu mmoja nchi kavu.

Kuhusu mimi, kuna jambo sijakusimulia, ulikuwa bado mdogo. Kofia ya vito, unajua, mimi hunichukua miezi miwili mpaka mitatu. Kila tundu linatobolewa na kuzungushiwa uzi mmoja mmoja. Nilianza kushona kwa sababu ya wale wanawake wa barazani na porojo zao. Siku moja akaja mfanyabiashara, si wa hapa, akataka kofia 6 kabla ya Idd. Nilifurahi nikasahau kuhesabu. Nikawagawia jirani wawili, tukashona usiku kwa taa. Arubuni sikumdai, niliona haya. Alipokuja akazipanga juu ya mkeka, akasema mshono si wa mkono mmoja, akatoa nusu ya bei tuliyokubaliana, akaenda zake. Jirani niliwalipa kutoka mfukoni mwa babako.

Hasara ilipita. Ambalo halikupita upesi ni kwamba mwaka mzima kila nilipoishika sindano niliona deni. Tundu halikuwa tundu tena, lilikuwa shilingi. Niliporudi kushona, nilijiwekea kofia moja isiyo ya mtu. Ipo hata sasa kwenye kikapu, haina kipimo cha kichwa cha yeyote, naishona ninapotaka, na ikiisha naanza nyingine. Hizo zako za mashujaa wa Kijapani, naona ziwe kofia zako za kikapuni. Usiziuze.

Tena hata ukitaka kuziuza, si zako. Wewe mtu wa vitabu vya hesabu unajua kuliko mimi: sura ya yule shujaa ina mwenyewe, na sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kujivalia na kucheza na wenzako ni jambo moja, kufungulia duka ni jingine. Lakini Fumo Liyongo nani atamdai? Hebu fikiri: jitu lenye upinde, limechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, likaenda kufia kisimani limepiga goti, mshale umetegwa, na mji mzima ukaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Huyo huko Japani angekuwa na vitabu mia. Kwetu ana utenzi na mwalimu wa kutuulizia wanafunzi maswali.

Na hapo ndipo penye habari niliyoichelewesha makusudi. Mwalimu mmoja wa shule ya huku anawafundisha watoto igizo la Liyongo kwa siku ya kutoa zawadi. Nilimwonyesha ile picha ya bega lako. Anataka dereya ya kifuani, upinde usioumiza mtu, na podo. Fedha zao si nyingi, ila nimeshamwambia nusu hutangulia, na safari hii sikuona haya. Aliniuliza bei, nikasema nitakuuliza. Usiniletee bei kwanza, niletee siku: ngapi za kukata, ngapi za gundi kukauka, ngapi za rangi, ukiwa unatoka kazini saa kumi na moja na jioni moja ya wiki unalala bila kugusa kitu. Kisha weka mpira, gundi, rangi na nauli ya mzigo kwenye lile daftari lako la mistari, kama unavyowawekea waajiri wako. Akilipa na hesabu ikakubali, niletee kazi ya pili. Zikifika sita, saba, zisizo za mama yako kukutafutia, tutazungumza habari ya kuacha kazi, na babako nitamkabili mimi.

Mama yake Liyongo alimpelekea mwanawe gerezani tupa ndani ya mkate wa wishwa. Mimi nimempa utingo wa basi furushi, ukalichukue kesho kabla ya adhuhuri. Ndani mna kandambili 14, zote za bluu, nimezisugua kwa sabuni na kuzianika, ila mbili zina matundu ya kaa. Pasi ya makaa haikuingia.

Mamako